Kabla hujachagua programu ya kutuma mafaili, angalia kompyuta yako inavyofunguka

Wenye maduka na ofisi ndogo hapa Mwanza huniuliza swali moja kuliko mengine yote: "Fundi, nitumie programu gani kutuma mafaili kwenye seva?" Nami kwanza huuliza: hiyo kompyuta ukiiwasha, inadai nywila au inafunguka yenyewe? Wengi hawaoni yanavyohusiana. Mimi nayaona ni jambo moja, kwa kuwa programu ya kutuma mafaili ndiyo inayotunza nywila ya seva, yaani ile kompyuta ya mtandaoni inayopokea na kuhifadhi mafaili yako. Anayeweza kukaa mbele ya kompyuta iliyo wazi ameshaingia kwenye seva, hata kama programu yenyewe ni salama kiasi gani.

Chukua FileZilla, ambayo ni ya bure na inajulikana sana. Seva ulizozihifadhi huziandika kwenye faili linaloitwa sitemanager.xml. Lifungue kwa Notepad. Utaona anwani ya seva, jina la mtumiaji, na karibu yake mstari wa herufi zisizosomeka, mara nyingi ukiishia na alama ya =. Ukiutazama mstari huo unadhani nywila imefichwa. Haijafichwa. Hiyo ni base64, namna tu ya kuandika upya herufi zilezile, na kuzigeuza zirudi zilivyokuwa ni kazi ya sekunde chache. Tangu 2017 FileZilla inakuruhusu kuweka nywila kuu inayozifunga hizo nyingine kikwelikweli, lakini ni lazima uichague mwenyewe. Kwenye kompyuta inayotumiwa na zaidi ya mtu mmoja mimi huenda mbali zaidi: naiweka programu iulize nywila kila mara inapounganisha. Wafanyakazi hunung'unika wiki ya kwanza, kisha wanazoea.

Sasa tuje kwenye kuchagua. Tazama njia ambayo mafaili hupita kabla ya jina la programu. FTP ya kawaida, njia ya zamani ya kutuma mafaili, ilianza mwaka 1971, wakati mtandao ulikuwa wa vyuo na maabara chache za Marekani, na ndiyo maana inapitisha jina na nywila wazi kabisa. Ukiitumia kwenye Wi-Fi ya mgahawa, aliye kwenye mtandao huohuo na ana programu ya kunasa mawasiliano anaweza kuyasoma. Wizi wa nywila wa namna hiyo kwenye mtandao wa chuo chake huko Finland ndio uliomfanya mtafiti Tatu Ylönen atengeneze SSH, njia ya kuunganisha kompyuta mbili kwa mawasiliano yaliyofungwa, mwaka 1995. SFTP, njia nyingine ya kutuma mafaili, hupita ndani ya SSH, kwa kawaida kwenye mlango namba 22, na kila kitu kinakwenda kimefungwa. Chrome na Firefox ziliondoa FTP mwaka 2021. Kama anayekuhifadhia tovuti anakupa FTP tupu, mwombe SFTP au angalau FTPS, ambayo ni FTP iliyofungwa. Akikwambia haipo, tafuta mwingine.

Ukiunganisha kwa SFTP mara ya kwanza, linatokea dirisha lenye mfululizo mrefu wa herufi na tarakimu, likiuliza kama unaiamini seva hiyo. Karibu kila mtu anabonyeza ndiyo bila kusoma. Nakuomba usibonyeze. Mfululizo huo ndio alama ya kuitambulisha seva; mpigie anayeisimamia akusomee alama ya seva yake, mlinganishe hadi mwisho. Dakika mbili zinatosha, tena ni mara moja tu. Siku nyingine likija onyo kwamba alama imebadilika, simama hapohapo: ama seva imewekwa upya, ama kuna mtu amejiweka katikati yenu.

Kwa Windows napendekeza WinSCP, na sababu yangu kubwa ni umeme. Faili la gigabaiti 1, kwenye laini inayopandisha megabiti 2 kwa sekunde, linachukua zaidi ya saa nzima. Umeme ukikatika dakika ya hamsini, hutaki kuanza upya. WinSCP hulipakia faili kubwa kwa jina la muda linaloishia na .filepart, na kulipa jina lake halisi likishafika lote. Ukiunganisha tena inaweza kuendelea pale ilipoishia. Na aliye upande wa pili akiona .filepart anajua halijakamilika, hawezi kulifungua nusu akadhani ndiyo hesabu yote.

Umeme huohuo ndio unaowafanya watu waondoe nywila. Duka la nyavu na injini za mitumbwi lenye tawi Nansio, kisiwani Ukerewe, linataka mahesabu ya tawi yafike Mwanza usiku, wakati hakuna mtu anayehitaji mtandao. Umeme unakatika saa tano, unarudi saa nane, kompyuta inasimama kwenye ukurasa wa nywila na asubuhi hakuna kilichofika. Basi fundi anafungua netplwiz, dirisha la Windows la mipangilio ya watumiaji, anatoa alama kwenye kisanduku kinachodai nywila, na kazi inaendelea. Kuanzia hapo anayeiwasha kompyuta hiyo, awe nani, ndiye mwenye duka.

Haikuwa lazima. Ingia kwenye BIOS, mipangilio ya mashine yenyewe inayofunguliwa kabla Windows haijawaka, uielekeze kompyuta ijiwashe umeme unaporudi; nyingi za mezani zinao mpangilio huo. Kisha kazi ya kutuma uikabidhi Task Scheduler, sehemu ya Windows inayoendesha kazi kwa ratiba, na uchague ifanyike hata kama hakuna mtu aliyeingia. WinSCP inaendeshwa hivyo kwa skripti, yaani faili la maagizo, ya mistari michache. Skrini itabaki kwenye ukurasa wa nywila, na mafaili yatakuwa yanakwenda. Kazi hiyo uipe akaunti yake kwenye seva, yenye ufunguo wake wa SSH (faili la siri linalotumika badala ya nywila), isiyoruhusiwa kutoka nje ya folda moja. Kompyuta ya Nansio ikiibwa, mwizi atafika kwenye folda hiyo tu, nawe utaufuta ufunguo huo bila kugusa mwingine.

Kuhusu kuingia kwenyewe nina machache. PIN ya Windows watu huidharau kwa ufupi wake, lakini inafanya kazi kwenye mashine hiyo moja tu, ilhali nywila ya akaunti ya Microsoft ikivuja inaweza kutumika popote. Kazi za kila siku zifanyike kwenye akaunti ya kawaida, ile ya msimamizi ibaki ya kusakinisha programu. Ukiinuka kitini, bonyeza kitufe cha Windows pamoja na L. Na usiwalazimishe watu kubadilisha nywila kila mwezi. Wataongeza namba mwishoni au wataibandika chini ya kibodi. NIST, taasisi ya viwango ya Marekani, ilishauri mwaka 2017 kuachana na desturi hiyo, isipokuwa kuna dalili kwamba nywila imevuja.

Kama mafaili hayatoki nje ya jengo, usichome bando. Programu ya LocalSend inayapitisha kwenye Wi-Fi ya ndani bila intaneti, na hutasumbuka na virusi vya flashi. Wanaotuma picha za mabango kwa wachapaji kwa WhatsApp, tumeni kama hati. Zikienda kama picha zinapunguzwa ubora.

Mfanyakazi akiacha kazi, siku hiyohiyo futa akaunti yake kwenye kompyuta, ondoa ufunguo wake kwenye seva, na badilisha nywila alizokuwa akizijua. Shule na zahanati zisilichukulie hili kama hiari: Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, inamtaka anayetunza taarifa za watu azilinde, na orodha ya wanafunzi yenye namba za simu za wazazi ni taarifa za watu.