Usawa wa kanda: kila eneo na mfuko wake

Nunua tairi la dola 100 mjini Everett, kaskazini mwa Seattle huko Marekani, na ndani ya risiti yako kutakuwa na dola 1 na senti 40 za Sound Transit, mamlaka inayoendesha treni na mabasi ya ukanda mzima. Muuza tairi hajui senti hizo zinaishia wapi. Wahasibu wa mamlaka wanajua: zimeandikwa kwenye fungu la Snohomish, kwa kuwa zimetoka Snohomish, na kanuni inataka zifanye kazi inayowafaa watu wa Snohomish. Kanuni hiyo ndiyo inayoitwa usawa wa kanda.

Sound Transit inahudumia maeneo ya mijini ya kaunti tatu za jimbo la Washington: King, Pierce na Snohomish. Kwa mambo ya pesa, eneo hilo limegawanywa kanda tano. Snohomish ni moja na Pierce, kwenye mji wa Tacoma, ni moja. King, kwa ukubwa wake, imekatwa mara tatu: kaskazini iko Seattle yenyewe, mashariki ya Ziwa Washington iko miji ya Bellevue na Redmond, kusini wako watu wa Kent na Federal Way. Kodi inayokusanywa katika kanda hupangiwa miradi inayoinufaisha kanda hiyo.

Aliyezoea kucheza upatu asichanganye. Kwenye upatu wote mnachanga, leo mmoja anabeba kapu zima, kesho zamu ya mwenzake. Hapa kila mmoja anakula alichochanga mwenyewe.

Kwa nini wajibane hivyo? Kwa sababu ya hofu, na hofu hiyo ilipigiwa kura. Mwaka 1995 wananchi waliletewa mpango mkubwa wa reli wakaukataa, na upinzani ulikuwa mkali hasa kwenye miji ya pembeni, ambako watu waliona watatozwa wao na treni ipande Seattle. Viongozi wakarudi mezani, wakaupunguza mpango, wakaahidi kwamba pesa ya kila kanda itaonekana kwenye kanda yake. Novemba 1996 ukapita. Kwa hiyo usawa wa kanda haukubuniwa na wahandisi. Ni bei ambayo Seattle ililipa ili majirani wakubali kuingia kwenye gari moja naye.

Shida ni kwamba abiria hafuati mipaka ya kihasibu. Mtu analala Everett, anafanya kazi katikati ya Seattle. Treni yake ni mali ya nani? Mfano mgumu kuliko yote ni handaki la pili la treni linalopangwa chini ya katikati ya Seattle. Kwa macho ni mradi wa Seattle, maana liko chini ya barabara za Seattle. Lakini linaongeza nafasi ya treni kwa mfumo mzima, kwa hiyo gharama yake ikagawiwa kanda zote. Mtu wa Tacoma akiambiwa anachangia handaki la mji wa wenzake, wakati treni hiyo bado haijaunganisha mji wake na Seattle, huwezi kumlaumu akikunja uso.

Halafu kuna jambo ambalo kwa maoni yangu ndilo kiini cha ugomvi wote, na halisemwi vya kutosha: pesa huhesabiwa kwa mafungu, lakini kura huhesabiwa kwa pamoja. Mwaka 2016 wananchi waliulizwa kama wanaukubali mpango wa tatu, wa dola bilioni 54 hivi. Wapiga kura wengi wa Pierce walisema hapana. Jumla ya eneo zima ikasema ndiyo, na Pierce wakaanza kutozwa kodi iliyoongezwa kama wengine. Kodi ya mwaka ya gari ilipanda hadi dola 110 kwa kila dola 10,000 za thamani, tena thamani yenyewe ikichukuliwa kwenye jedwali la zamani linalolipandisha gari juu ya bei ya sokoni. Watu walifungua bahasha za leseni za magari wakapiga kelele. Mwaka 2019 jimbo zima lilipiga kura kuifyeka kodi hiyo. Pierce waliunga mkono, King wakapinga. Oktoba 2020 Mahakama ya Juu ya jimbo ikaitupa sheria hiyo, na kodi ikabaki.

Kanuni hii pia haisawazishi utajiri. Mashariki ya ziwa, kwenye makao makuu ya Microsoft, kodi huingia kwa wingi. Pierce mapato ni madogo kuliko hayo, na umbali wa kujengewa reli ni mrefu. Kwa hiyo gharama zinapopanda, kanda yenye kitu inavumilia na isiyo nacho inasogezewa tarehe. Mwaka 2021 bodi, yenye wajumbe 18, karibu wote viongozi waliochaguliwa katika kaunti na miji, ilikabiliwa na pengo la dola bilioni 6.5. Ikapanga upya ratiba: reli ya Tacoma ikatoka 2030 ikaenda 2032, na ya Everett ikawa 2037, au hata 2041 pesa zisipopatikana.

Katika bodi hiyo King ina viti 10, Pierce 4 na Snohomish 3. Kiti kilichobaki ni cha mkuu wa idara ya usafiri ya jimbo. Treni ilivuka kuingia kaunti ya Snohomish kwa mara ya kwanza Agosti 30, 2024, ikaishia Lynnwood. Everett, kule kwenye tairi letu, iko mbele zaidi, na kodi yake imekuwa ikikatwa tangu 1997.