Je, wajua? Kaisari halikuwa cheo, lilikuwa jina la ukoo

"Mlipeni Kaisari yaliyo ya Kaisari." Aliyekuwa akitawala Roma maneno hayo yaliposemwa ni Tiberio, na hata yeye hakuzaliwa Kaisari. Jina alilipata ukubwani, baada ya kuasiliwa na Augusto.

Augusto naye alilirithi. Mwenye jina lake la kuzaliwa ni jemadari Gaius Julius Caesar, aliyechomwa majambia katika kikao cha Seneti mwezi Machi mwaka 44 KK. Wosia wake ulipofunguliwa, mjukuu wa dada yake, kijana wa miaka 18, akakuta ameachiwa mali na jina pia. Kijana huyo ndiye aliyekuja kuitwa Augusto, na tangu hapo atakaye kiti alitaka na jina.

Mwaka 68 BK Nero alijiua na ukoo ukakatika. Ungedhani jina nalo lingezikwa. Wapi! Mwaka uliofuata Vespasian, mtoto wa mtoza ushuru asiye na tone la damu ya ukoo ule, alishika dola akajiita Kaisari. Hapo jina limeshageuka cheo.

Majirani wakaliokota, kila mmoja akalitamka kwa ulimi wake. Wajerumani walilichukua mapema, Warumi wakiwa bado wanatamka K mwanzoni, ndiyo maana wakasema Kaiser. Waslavi walilifupisha likawa tsar, cheo alichotawazwa nacho Ivan wa Nne wa Urusi mwaka 1547. Waarabu walisema Qaysar. Sultani Mehmed wa Pili alipoiteka Konstantinopoli mwaka 1453 alijitangaza Kaisari wa Rum, Mwislamu akidai kiti cha Warumi! Waingereza kwa upande wao wanaanza na S, kwa hiyo sisi tunaosema Kaisari tuko karibu zaidi na alivyoitwa marehemu mwenyewe.

Na jina lilifika kwetu si kwa Biblia peke yake. Mwaka 1889 Mjerumani Hans Meyer alipanda Kilimanjaro hadi juu kabisa ya Kibo, akapaita Kaiser-Wilhelm-Spitze, yaani Kilele cha Kaisari Wilhelm. Wilhelm aliondoka madarakani mwaka 1918. Kilele kilibadilishwa jina Tanganyika ilipopata uhuru mwaka 1961, na wapandao leo wanapiga picha penye kibao cha Uhuru.