"Nipe ile orijino, Dokta"

Mteja anaweka cheti juu ya kaunta: Augmentin miligramu 625, asubuhi na jioni, siku 7. Hivyo ni vidonge 14. Namtajia bei, anaguna. "Basi Dokta, nipatie saba kwanza, vingine nitafuata mwisho wa mwezi." Namtolea boksi jingine lenye amoksilini miligramu 500 na asidi ya klavulaniki 125, mchanganyiko uleule, bei nafuu mno. Analigeuza, anaona limetoka India, ananirudishia.

Mimi ni mfamasia hapa Dar es Salaam, na hivyo ndivyo wengi wanavyochagua: wanaangalia jina na nchi. Ningependa waanze na mfuko. Je, hela iliyopo inatosha dozi nzima? Kwa dawa za kumeza kila siku ndiyo kabisa. Mwenye presha anayenunua Norvasc, jina la biashara la amlodipini, ya wiki mbili, kisha akakaa wiki mbili mikono mitupu, anazidiwa na jirani yake anayemeza amlodipini ya kawaida mwezi mzima bila kuruka.

"Lakini ya bei rahisi ina nguvu kidogo." Hapana. Kampuni iliyogundua dawa hulindwa na hataza, yaani haki ya kuitengeneza peke yake, kwa kawaida miaka 20. Ikiisha, wengine huruhusiwa kuitengeneza bila kurudia gharama za ugunduzi; hizo zao ndizo huitwa jeneriki. Unafuu unatoka hapo, na kwenye ushindani. Kiini, yaani dawa yenyewe inayotibu, na miligramu ni vilevile. Kinachobadilika ni rangi, umbo na vijazio. Huko Marekani, mamlaka ya dawa, FDA, ilipitia tafiti 2,070 zilizolinganisha jeneriki na dawa orijino. Wastani wa tofauti ya dawa iliyofika kwenye damu ulikuwa takribani asilimia 3.5. Tofauti ndogo kama hiyo hata matoleo mawili ya kampuni moja yanaweza kuwa nayo.

Hofu ya dawa feki naielewa, ila jina kubwa si kinga. Mwaka 2009 Metakelfin bandia ilikutwa kwenye maduka ya dawa 40 hapa nchini, na Metakelfin ni dawa ya malaria ambayo jina lake lilikuwa likiaminika sana. Wahalifu huiga kinachouzika. Kinga yako ni duka lenye kibali, dawa iliyosajiliwa na TMDA (mamlaka ya dawa na vifaa tiba hapa nchini), na boksi ambalo halijachezewa. (Na risiti, jamani. Daini risiti.)

Kuna mahali nami nasita. Dawa za kifafa kama fenitoini na karbamazepini, pia wafarini ya kuzuia damu kuganda, zina nafasi finyu kati ya kiwango kinachotibu na kinachodhuru. Mgonjwa akishatulia kwenye ya kampuni fulani, iwe orijino au jeneriki, simhamishi hovyo. Ikibidi, daktari wake ajue kwanza. Vilevile tazama herufi zinazofuata jina. Glucophage XR, metformini ya kisukari, huachia dawa polepole, kwa hiyo metformini ya kawaida haichukui nafasi yake kidonge kwa kidonge, hata miligramu zikilingana.

Kwa hiyo ukija dukani, usiniletee kumbukumbu ya "vile vyeupe vya duara", maana vyeupe vya duara ninavyo kabati zima. Njoo na boksi tupu au lile karatasi la vidonge. Chini ya jina la biashara, kwa maandishi madogo, kiini kimeandikwa, na hapo ndipo ninapoanzia kukutafutia cha bei unayoiweza.