Kibali cha ujenzi Mji Mkongwe, unasubiri nini khasa?

Mtu kanunua gofu Kiponda au karithi nyumba ya babu yake Malindi, humo humo Mji Mkongwe wa Zanzibar, pesa anayo, fundi kashapatikana, halafu anaambiwa asiguse hata jiwe mpaka kibali kitoke. Hapo ndo wengi wanapandisha hasira, kwani si mali yangu? Yako ndio, ila iko ndani ya eneo la hifadhi, na eneo la hifadhi maana yake sheria hailindi nyumba moja moja tu, inalinda mtaa mzima ulivyokaa, urefu wa nyumba, vichochoro, baraza, milango, mpaka madirisha ya ghorofani yanavyoonekana ukiwa njiani.

Kwa Unguja wanaohusika ni Mamlaka ya Uhifadhi na Uendelezaji Mji Mkongwe, imeanzishwa 1985, mpango wa uhifadhi ukaja 1994, na mwaka 2000 mji ukaingia kwenye Urithi wa Dunia wa UNESCO. Mji wenyewe ni hekta 96 na kuna ukanda wa kinga pembeni yake wa hekta 84.6, kwa hio hata kama uko nje kidogo uliza kwanza kabla hujamwaga mchanga.

Sasa wanaangalia nini? Watu wanadhani ni sura tu, weka mlango wa kuchonga basi umepita. Hapana, kazi kubwa iko kwenye vifaa. Kuta za kule ni mawe ya matumbawe yaliyoshikwa kwa chokaa na udongo, unyevu unaingia na unatoka. Ukipiga saruji juu yake unyevu unafungiwa ndani, plasta inavimba, chumvi inatokeza, baada ya miaka kadhaa inabanduka mapande mapande na jiwe linakuja nayo. Halafu dari, vyumba vya zamani ni virefu na vyembamba kwa sababu upana unafuata urefu wa boriti ya mkoko, kama mita 3 hivi, we ukileta ramani ya sebule pana isiyo na nguzo maana yake unataka zege na nondo, na mara nyingi ukuta mnachangia na jirani, sa huo mzigo wa zege anaubeba nani? Ghorofa ya kuongeza juu ndo usiseme. Hoteli ya Mambo Msiige pale Shangani ilihojiwa mpaka na Kamati ya Urithi wa Dunia kwa ukubwa wake, na wale walikuwa na wasanifu wao. Na tarehe 25 Disemba 2020 sehemu ya Beit al Ajaib, lile jumba la kale la sultani, iliporomoka ikiwa kwenye matengenezo, watu wawili wakafa, kwa hio mtu akikudai ripoti ya injinia kabla ya kugusa ukuta si kwamba anakuzungusha tu.

Kuchelewa kwenyewe mara nyingi kunaanza na sisi. Nyumba ya mirathi ina warithi kumi na mbili, watatu wako Maskati, mmoja Uingereza hajibu simu, hakuna aliesaini. Au nyumba ni ya wakfu, au ya serikali, na aliemo ni mpangaji tu. Ramani nazo zinachorwa na mtu alozoea nyumba za kisasa za Fuoni huko nje ya mji, zinarudishwa. Ila na ofisi nazo zina lao. Uingereza ombi la kawaida la nyumba lina muda wa wiki 8 kisheria, ukipita bila jibu unaweza kukata rufaa, na mimi naona mwombaji yoyote popote anastahili kujua siku ya jibu lake, mana masika haisubiri faili. Gofu lisilo na paa likinyeshewa Machi mpaka Mei udongo unaoshwa katikati ya mawe, na kibali kikija ukuta ulioombewa umeshalala chini.

Kwa hio usiombe kibali cha kujenga peke yake, omba mapema na kwa maandishi ruhusa ya kutegemeza kuta na kufunika juu, ni ombi dogo na linaeleweka. Piga picha kila pembe, usitoe mlango wala boriti hata kama vimeoza. Na chokaa anza kuloweka, ikikaa muda mrefu ndo inakuwa nzuri. Fundi wa chokaa nae mtafute sasa hivi, hawako wengi na wanagombaniwa.