Bondi ya polisi hailipiwi, na mengine tunayokosea kuhusu dhamana

Kijana anashikwa Eastleigh Ijumaa jioni. Kufikia saa nne usiku mamake ameshapigia jamaa wote simu, anachangisha pesa za "kumtoa". Nairobi tumelizoea neno hilo hadi tunadhani uhuru wa mshukiwa huuzwa pale kaunta.

Wengi huamini bondi ya polisi inalipiwa. Hailipiwi. Bondi ni ahadi ya maandishi: mshukiwa anaweka sahihi, pengine pamoja na mdhamini, kwamba atafika mahakamani siku aliyopangiwa. Hakuna shilingi inayotoka mfukoni. Kinachohitaji pesa ni dhamana ya pesa taslimu, na hiyo lazima iwe na risiti rasmi. Mama, risiti hiyo itunze kama cheti cha kuzaliwa. Kesi ikiisha na mshtakiwa hakukwepa tarehe zake, aliyeweka pesa ana haki ya kurudishiwa, hata mshtakiwa akipatikana na hatia. Pesa iliyopita chini ya meza hairudi, na inaniuma kuona familia ikiuza friji kwa ajili ya kitu ambacho sheria inakitoa bure.

Kuna wanaosema polisi wanaweza kukaa na mtu wiki mbili. Dhana hii ina chanzo: Katiba ya zamani iliruhusu siku 14 kwa makosa yenye adhabu ya kifo. Katiba ya 2010 ilizifuta. Kifungu cha 49 kinataka mshukiwa afikishwe mahakamani upesi iwezekanavyo, saa 24 zisipite. Polisi wakihitaji siku zaidi, wanamwomba hakimu, naye ndiye anayeamua. Ila saa hizo zikiisha mahakama ikiwa imefungwa, muda unasogea hadi mwisho wa siku ya mahakama inayofuata. Ndiyo maana Ijumaa jioni inaogopwa hivyo: mtu anaweza kulala seli hadi Jumatatu bila sheria kuvunjwa. Hata hivyo, wikendi haimzuii mkuu wa kituo kutoa bondi. Mwombeni Jumamosi hiyo hiyo, kwa heshima, na mjue nambari ya OB, yaani ya kesi yenu katika kitabu cha matukio cha kituo.

Kesi ya mauaji je? Kabla ya 2010 haikuwa na dhamana. Leo kila mshtakiwa anaweza kuiomba, na upande wa mashtaka ukipinga, sharti uonyeshe sababu nzito, kwa mfano kwamba atatoroka au atawatisha mashahidi.

Kwa mchuuzi aliyeshikwa katikati ya jiji, jambo lisilosemwa sana ni hili: kosa ambalo adhabu yake ni faini tu, au kifungo kisichozidi miezi sita, halimpeleki mtu rumande. Katiba imesema hivyo wazi.

Mtaani pia, jirani akirudi kwa dhamana, watu hunong'ona kwamba amehonga au kesi imekwisha. Hapana, kesi ingalipo. Yeye bado hajahukumiwa, na asipofika siku ya kutajwa, hati ya kumkamata hutolewa na pesa zilizowekwa zinaweza kutwaliwa na serikali.

Na hakimu akiweka kiwango ambacho familia haiwezi kukifikia, haimaanishi kijana atakaa gereza la rumande la Industrial Area hadi hukumu. Mahakama Kuu pale Milimani ina uwezo wa kulegeza masharti hayo. Lazima iombwe.