Swichi ya AC Katika Gari la Zamani la Spoti: Dhana Potofu na Ukweli Wake

Gari la spoti la miaka ya 1990 likiacha kutoa ubaridi, mwenye gari hupewa ushauri mwingi kabla hata boneti haijafunguliwa: ajaze gesi, anunue swichi nyingine, au aunganishe kompresa (pampu inayosukuma gesi ya AC) moja kwa moja na betri. Ushauri huo hutolewa kwa nia njema, lakini sehemu kubwa yake inatokana na kutoelewa kazi ya kile kitufe kidogo kilichoko kwenye dashibodi. Hapa nitatumia zaidi mfano wa Mazda MX-5 ya kizazi cha kwanza, iliyozinduliwa Chicago mwezi Februari 1989 na kutengenezwa hadi 1997, na ambayo nchini Japani iliuzwa kwa jina la Eunos Roadster. Ni gari lililoenea sana, umeme wake ni mwepesi kiasi kwamba mtu mvumilivu anaweza kuufuata waya kwa waya, na mengi yanayolihusu yanahusu pia magari mengine ya Kijapani ya wakati huo.

Dhana: Swichi ndiyo inayowasha kompresa

Hii ndiyo dhana inayozaa nyingine zote. Katika gari kama MX-5, swichi ya AC haiwashi kompresa bali hupeleka ombi. Unapoibonyeza, njia ya umeme hupita katika swichi yenyewe, katika swichi ya feni, katika kidhibiti joto kilichoko kwenye evaporeta (kipoza hewa kilichoko ndani ya dashibodi) na katika swichi ya shinikizo la gesi, kisha ujumbe hufika kwenye kompyuta ya injini. Kompyuta ndiyo inayoamua. Ikiridhika huongeza kidogo mzunguko wa injini ili gari lisizime likiwa limesimama, halafu huruhusu rilei, yaani swichi inayoendeshwa kwa umeme mdogo, na rilei ndiyo inayopeleka umeme mkubwa kwenye klachi ya kompresa, ile sumaku inayoiunganisha kompresa na puli inayozungushwa na injini.

Tofauti kati ya mkondo wa ombi na mkondo wa klachi ni kubwa. Koili ya klachi ya kompresa huwa na ukinzani wa takribani omu 3 hadi 5, kwa hiyo katika mfumo wa volti 12 huvuta ampia 2.4 hadi 4. Koili ya rilei huvuta chini ya robo ya ampia, na ujumbe unaopita katika swichi ya AC kwenda kwenye kompyuta ni mdogo zaidi ya hapo. Kwa sababu hiyo, anayedai kwamba swichi ya AC ya gari la aina hii imeungua kwa kuzidiwa na mzigo wa kompresa ana wajibu wa kueleza mzigo huo ulipitia wapi. Swichi inayobeba mzigo mkubwa katika dashibodi hizi ni ya feni, na ndiyo ambayo mara nyingi hukutwa na soketi iliyoyeyuka au terminali zilizobadilika rangi. Kwa kuwa ujumbe wa AC hupitia humo humo, swichi ya feni iliyoungua huonekana kwa dereva kama ubovu wa swichi ya AC. Vilevile feni ikiwa kwenye sifuri, AC haiwezi kuwaka hata swichi yake ikiwa mpya kabisa.

Yapo magari ambayo hayafuati utaratibu huu. Katika baadhi ya magari ya miaka ya 1960 na 1970, hasa yaliyofungwa AC baada ya kutoka kiwandani, swichi hubeba mkondo wote wa klachi bila rilei. Huko kuungua kwa swichi ni jambo la kawaida, na dawa yake ni kuongeza rilei ili swichi mpya isiungue kama ya kwanza. Ndiyo maana mchoro wa waya wa gari lako mwenyewe ni muhimu kuliko uzoefu wa mtu juu ya gari jingine.

Dhana: Taa ya kitufe ikiwaka, swichi ni nzima

Taa hiyo inaeleza kwamba kitufe kimebonyezwa na kwamba umeme wa taa umepita, basi. Haielezi kama ujumbe umeifikia kompyuta wala kama kompresa imeshika. Kinyume chake pia ni kweli, kwani taa yenyewe inaweza kuwa imekufa huku mgusano wa ndani ukifanya kazi vizuri, na mtu akabadilisha swichi nzima kwa ajili ya taa ndogo tu.

Kipimo cha kuaminika ni multimita, yaani kifaa cha kupimia volti na ukinzani. Washa gari, weka feni namba mbili, bonyeza AC, kisha pima volti kati ya terminali mbili za swichi ukiingizia ncha za kipimo kwa nyuma ya soketi, bila kuichomoa. Swichi iliyofunga vizuri, yaani inayopitisha umeme, itakupa karibu na sifuri. Ukipata nusu volti na zaidi, mgusano umechakaa au una kutu, na ukipata volti nyingi zisizobadilika ukibonyeza wala ukiachia, swichi haifungi kabisa. Kupima ukinzani wakati soketi imechomolewa kunasaidia, ila mkondo wa kipimo ni mdogo sana na unaweza kukuonyesha swichi nzima mahali ambapo mgusano umebaki kwenye ncha moja tu.

Fundi aliyezoea kutafuta volti 12 kila mahali anaweza kupotoshwa na MX-5. Katika njia hii kompyuta hutoa volti, na kazi ya swichi ni kuishusha kwenye hasi ya bodi. Volti zikishuka karibu na sifuri kwenye waya wa kompyuta unapobonyeza kitufe, ujue ujumbe umefika. Taa ya majaribio yenye balbu isitumike kwenye waya huo, kwa sababu huvuta mkondo ambao saketi za kompyuta hazikuundwa kuubeba.

Dhana: AC haipozi, basi gesi imeisha

Mara nyingine ni kweli, na ndiyo sababu dhana hii haifi. Lakini gesi ya AC hailiwi kama mafuta ya gari. Ikipungua, imevuja mahali fulani, na kuijaza bila kutafuta tundu ni kuahirisha tatizo. Kabla ya kujaza, fundi aweke geji ya shinikizo huku injini imezimwa na imepoa. Mfumo unaotumia gesi ya aina ya R-134a, ukiwa na gesi, katika joto la nyuzi 30 utasoma karibu psi 97 (psi ni kipimo cha shinikizo), kwa kuwa shinikizo hilo hufuata joto la hewa. Usomaji ukiwa hivyo na kompresa haishiki, kuna gesi ya kutosha kufunga swichi ya shinikizo, na utafutaji uhamie kwenye umeme. Usomaji ukiwa chini ya psi 30 hivi, swichi ya shinikizo inaikatalia kompresa kama ilivyokusudiwa, na swichi ya dashibodi haina kosa lolote.

Magari ya mwanzo ya kizazi hiki yalitoka na R-12, gesi iliyopigwa marufuku chini ya Itifaki ya Montreal ya 1987 kwa sababu huharibu tabaka la ozoni. Mafuta ya kulainisha kompresa yanayoendana na R-12 hayachanganyiki na R-134a, kwa hiyo kuongeza gesi mpya juu ya mfumo wa zamani bila kubadilisha mafuta hayo ni kuiua kompresa polepole, kwa kosa ambalo pengine lilikuwa la kitufe tu.

Dhana: Kuunganisha kompresa moja kwa moja na betri ni suluhisho

Naipinga desturi hii bila kusita, maana gharama yake ni kubwa kuliko ya swichi yoyote. Waya wa moja kwa moja huondoa walinzi wote niliowataja. Gesi ikivuja, hakuna wa kuizima kompresa; na kwa kuwa mafuta yanayoilainisha husafiri pamoja na gesi, kompresa huzunguka kavu hadi inakwama. Kidhibiti joto nacho hakina tena amri, hivyo evaporeta hujaa barafu na upepo huziba, hasa katika miji ya pwani kama Mombasa na Dar es Salaam ambako hewa ina unyevu mwingi. Kompyuta isipojua kwamba kompresa imeshika, haiongezi mzunguko wa injini, na injini ndogo ya lita 1.6 hutetemeka au kuzima kwenye foleni.

Kuipa klachi umeme wa betri kwa sekunde chache, injini ikiwa imezimwa, ili kusikia kama inashika kwa mlio mkavu, ni kipimo halali. Waya huo ukibaki humo baada ya kipimo, umekuwa hatari.

Dhana: Swichi ikifa haitengenezeki

Kwa gari ambalo vipuri vyake vya plastiki vinaadimika, dhana hii ina hasara ya kweli, maana swichi nyingi zinazotupwa zina ugonjwa unaotibika. Anza kwa kuchomoa hasi ya betri na kusubiri dakika kadhaa, hasa gari likiwa na mkoba wa hewa kwenye usukani, na usiguse soketi za manjano. Plastiki ya miaka 30 ni kavu na huvunjika. Fanya kazi hii gari likiwa na uvuguvugu, na utumie kibanzi cha plastiki badala ya bisibisi.

Ukiifungua swichi taratibu juu ya kitambaa cheupe, kwa sababu ndani mna springi inayopenda kuruka, chunguza mambo matatu. La kwanza ni vipande vya shaba vyenye ncha za fedha, ambavyo hupata weusi. La pili ni kijiti kidogo cha chuma kinachokifanya kitufe kikae ndani kikibonyezwa na kutoka kikibonyezwa tena. Kikichakaa au kikijaa vumbi, ambalo katika gari lisilo na paa gumu ni jingi, kitufe hakishiki. La tatu, pale ambapo swichi imekaa kwenye kibao cha saketi, ni lehemu. Itazame chini ya mwanga mkali ukitumia lenzi. Lehemu iliyochoka huonyesha duara jembamba jeusi kuzunguka mguu wa terminali, ufa usioonekana kwa macho ya haraka, unaoachana gari likitikisika na kugusana likitulia. Huo hutibiwa kwa kuyeyusha lehemu ya zamani, kuinyonya na kuweka mpya kwa pasi ya kulehemu yenye ncha nyembamba.

Msasa usitumike kwenye ncha za fedha. Tabaka la fedha ni jembamba, na likiisha, shaba iliyobaki hupata kutu ndani ya muda mfupi. Kifutio cha penseli na kisafishaji cha migusano ya umeme kinachokauka bila kuacha mafuta vinatosha. Kwa sababu hiyo hiyo, kupulizia dawa ya kulegeza kutu kupitia pembeni mwa kitufe hakushauriwi: huleta nafuu ya siku chache, halafu utando wake hukusanya vumbi.

Kuhusu kuweka fyuzi kubwa zaidi ile ya kwanza ikikatika, jibu ni fupi. Fyuzi hulinda waya, na fyuzi kubwa huufanya waya ulio nyuma ya dashibodi uwe ndio unaoungua.

Dhana: AC ikifanya kazi asubuhi na kugoma mchana, swichi inachezacheza

Inawezekana, lakini kabla ya kuishuku swichi, tazama klachi. Kati ya bamba la klachi na puli kuna nafasi ndogo, ambayo kwa kompresa nyingi ni milimita 0.3 hadi 0.6. Klachi ikichakaa nafasi hiyo hupanuka, na koili ikipata joto ukinzani wake hupanda na sumaku hudhoofika, hivyo bamba halivutwi tena ingawa umeme umefika. Pima volti kwenye soketi ya kompresa wakati AC imegoma. Zikiwepo 12 na zaidi na kompresa imetulia, swichi, rilei na kompyuta vyote vimetimiza kazi yao, na kinachotakiwa mara nyingi ni kufungua bamba na kupunguza washa (pete ya chuma) moja nyembamba ili nafasi irudi katika kipimo kilichoandikwa na mtengenezaji.