Siku ya tatu baada ya operesheni ya moyo

Siku ya tatu ndo naiogopa. Ya kwanza mgonjwa bado ana mipira kifuani na hakuna anayebanduka pembeni yake, ya pili anaanza uji, ya tatu amekaa kitini anapiga stori na ndugu zake, kila mtu kashusha pumzi, halafu usiku monita ya mapigo ya moyo inaanza kulia. Kuna mama mmoja tulimbadilishia valvu (mlango wa damu ndani ya moyo), saa nane usiku kamwita sista, nilipofika akanishika mkono akasema daktari mwanangu, humu ndani kuna kuku kafungwa miguu anapapatika. Mapigo 150, na hakuna mawili yaliyopishana sawasawa.

Hapo vyumba vya juu vya moyo vinakuwa vinatetemeka ovyo badala ya kubana kwa pamoja. Sio kwamba operesheni imeharibika jamani, baada ya baipasi (kuunganisha mshipa mpya kupita ule wa moyo ulioziba) hali hii inawapata kama watu 3 kati ya 10, waliofanyiwa valvu zaidi ya hapo, na sana sana ni kati ya siku ya 2 na ya 4, maana moyo umeshikwa umekatwa umeshonwa, umevimba, mwili umejaa adrenalini, na dawa za kukojoza tunazowapa zinaondoka na potasiamu na magnesiamu, madini yanayotuliza umeme wa moyo. Ndo maana swali langu la kwanza ni potasiamu ngapi kwenye damu. Ya yule mama ilikuwa 3.1, sisi tunataka walau 4. Tukaweka dripu ya potasiamu taratibu (haisukumwi kwa sindano hata siku moja, inasimamisha moyo), na magnesiamu, na amiodaroni, dawa ya kunyoosha mapigo, mpaka alfajiri mapigo yakawa 78 yamenyooka. Presha ingeporomoka tusingesubiri, tungemlaza usingizi tukampiga shoti ya umeme kifuani kurudisha mapigo sawa.

Wengine ni kinyume, moyo wao unapiga polepole mno, kwa sababu njia ya umeme inapita jirani kabisa na valvu na uvimbe au uzi wa kushonea unaweza kuibana. Vile viwaya vyembamba vinavyotokea chini ya kifua ni vya pesimeka ya muda, kile kifaa kinachousukuma moyo upige, tafadhali visivutwe.

Kinachoniuma ni mtu kurudi nyumbani, anajisikia mzima, anaacha bisoprolo (ya kutuliza mapigo) na wafarini (ya kuzuia damu kuganda) bila kutuuliza. Damu ikituama kwenye chumba kinachotetemeka inaganda, na donge likipanda kichwani ni kiharusi. Kila asubuhi shika kifundo cha mkono wako hapo chini ya kidole gumba, hesabu mapigo dakika nzima, ukiona yanarukaruka njoo siku hiyohiyo, usingoje tarehe ya kliniki.